Kanuni ya Kiu

Ukuta wa magharibi uliacha kutoa jasho Jumanne, kabla jua halijafika utosini. Perusi Malogo, msusi wa chumba cha kona, alikuwa ameuegemea kama alivyouegemea kila siku, kichwa cha mteja kikiwa katikati ya magoti yake, mara akahisi mgongoni kitu kikavu kama kigae. Akaupapasa kwa kiganja. Akaubisha kwa kifundo cha kidole. Kisha akamwacha mteja na nusu ya kichwa haijasukwa, akavuka ua kwenda kumtafuta Loisi Chidawali.

"Injinia," alisema alipompata, "ukuta wako umeninunia."

Loisi hakuwa injinia. Alikuwa msanifu majengo, na Tembe Kuu lote lilitoka kwenye kalamu yake: pande nne za vyumba, ghorofa tatu kwenda juu, zikizunguka ua mpana pembezoni mwa Dodoma. Lakini wapangaji walikwisha kumpa cheo hicho, naye alikwisha kuchoka kuwasahihisha. Alimfuata Perusi hadi chumba cha kona, akaweka mkono ukutani, akautuliza hapo kwa muda.

Ukuta ule haukujengwa, ulipandwa. Kuvu ilikuwa imeoteshwa juu ya mabua ya uwele na udongo mwekundu, ikaachwa iyashike yote kwa nyuzi zake mpaka yakawa kitu kimoja kigumu kuliko tofali, na bado hai. Ulikunywa maji kupitia mishipa iliyopita ndani yake, ukayatoa kwa vinyweleo, na upepo wa mchana ulipoyakausha maji hayo uliondoka na joto. Nje kukiwa na nyuzi joto arobaini na tano, chumba cha Perusi kilikuwa na ishirini na saba. Hapakuwa na feni wala kiyoyozi katika jengo zima, wala tundu la kupitishia waya wake.

"Haujaugua," Loisi alisema. "Umefunga vinyweleo. Visima vimeshuka, kwa hiyo unasubiri maji."

"Unasubiri mpaka lini?"

"Mpaka mvua."

Perusi alitazama dirishani, ambako anga lilikuwa jeupe kama bati. "Wenyewe utasubiri," alisema. "Hauna presha wala wajukuu. Mimi je?"

Mteja mwenye nusu ya nywele aliuliza kama angeweza kumaliziwa barazani. Perusi akamwambia atulie, mambo makubwa yanazungumzwa hapa.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa upande wa mashariki, na mwendeshaji wake, Mihambo, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa na Loisi tangu jengo lilipokuwa mche. Alikuwa ameifungua ramani ya Tembe Kuu kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Upande wa magharibi wote ulikuwa mwekundu. Kaskazini ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya machungwa. Katikati ya ua, palipokuwa na jengo la duara lisilo na dirisha, palikuwa bluu tupu.

"Kesho jioni pande zote nne zitakuwa zimefunga," Mihambo alisema. "Mama yeye hana habari. Nyuzi ishirini na mbili, kama juzi, kama mwaka jana."

Mama ndilo jina walilompa kuvu mzazi. Hakuna ukuta hai uliodumu zaidi ya miaka michache bila kuongezewa mbegu mpya, na mbegu zote za nchi nzima zilitoka katika rafu za Ukumbi wa Mama. Majengo sitini na moja yalimtegemea: shule, mabweni, hospitali. Ndiyo sababu Loisi, alipokuwa na miaka ishirini na tisa, aliandika sheria moja fupi ambayo kila jengo hai lilipandwa nayo. Maji yakipungua, nje hufunga kabla ya ndani. Wenzake waliiita Kanuni ya Kiu. Ilimpatia tuzo, na jopo la waamuzi lilisema amerithi hekima ya mababu na kuitia katika sayansi. Sentensi hiyo aliipenda kwa miaka mingi.

"Tukiyapeleka maji ya Mama vyumbani?" aliuliza.

"Kanuni ina kufuli ya makao makuu. Na hata ingekuwa haina, nimeshapiga hesabu. Maji yanayompoza Mama kwa wiki mbili, tukiyagawa vyumba vyote, hayafiki usiku wa leo."

Loisi alizirudia hesabu hizo mwenyewe. Zilikuwa sahihi.

Mihambo aliegemea kiti. "Bosi, naomba nikutanie, maana leo hatuna kitoweo kingine."

"Tania."

"Kwetu tunasema Mgogo hata umjengee ghorofa, ng'ombe atalala katikati, na yeye mwenyewe atalala mlangoni." Alinyoosha kidole kwenye kioo. "Miaka yote nilidhani ni utani wa watani. Sasa naiangalia hii ramani."

Loisi naye aliiangalia.

Aliliona tembe la babu yake kule Mvumi: paa bapa la udongo, vyumba vya giza vimeshikana ubavu kwa ubavu kuzunguka ua, na uani ng'ombe. Alilala humo utotoni, likizo baada ya likizo, akisikia mifugo ikicheua nyuma ya kichwa chake. Fisi akitaka ndama, babu alisema, sharti apite kwa watu kwanza. Babu alilisema hilo kwa fahari, na msichana alilisikia kwa fahari. Alipokua akachora jengo la watu elfu moja na mia tatu, akaweka katikati kile kisichopaswa kupotea, akazungusha vyumba. Hakuwahi kujiuliza tembe lilijengwa kwa ajili ya nani. Lilijengwa kwa ajili ya ng'ombe. Watu walikuwa ukuta.

Hakumlaumu babu. Katika mwaka wa njaa, kaya iliyopoteza ng'ombe wake ilikuwa imekwisha, na babu alikuwa akilala chumba cha mlangoni yeye mwenyewe. Tofauti ilikuwa hapo. Chumba cha Loisi katika Tembe Kuu kilikuwa uani, kimeshikana na ukuta wa Ukumbi wa Mama, na asubuhi hiyo aliamka amejifunika blanketi.

"Nimekukwaza?" Mihambo aliuliza.

"Hapana. Umenisomea mchoro wangu."

*

Jumatano mchana Mzee Lechipya alifariki katika chumba cha magharibi alichoishi peke yake. Loisi alipima joto la chumba kabla hajapiga simu makao makuu, kwa sababu alijua ataulizwa.

Dakta Thadei Haule, Mkurugenzi wa Shirika la Nyumba Hai, alitokea kwenye kioo akiwa amevaa shati la mikono mirefu.

"Poleni sana," alisema alipokwisha kusikia. "Alikuwa na maradhi?"

"Alikuwa na miaka sabini na nane, na chumba chenye nyuzi arobaini na tatu."

Haule aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na Loisi hakutaka kujirahisishia kazi kwa kumfanya mbaya. Chupa ya kwanza ya Mama ilisafiri kutoka maabara hadi Dodoma mapajani mwake, ndani ya basi, kwa sababu hakumwamini dereva yeyote kuiweka kwenye buti la mizigo.

"Nimeagiza mabasi," alisema. "Tutawahamishia milimani mpaka mvua ije. Ijumaa yatakuwa hapo."

"Leo ni Jumatano, Dakta."

"Najua leo ni siku gani. Nchi nzima inagombania mabasi hayo hayo."

"Basi naomba idhini ya kuufungua Ukumbi. Kuna nafasi ya kukaa watu wote. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati mia moja hivi, nimeyajumlisha. Ukumbi utapanda mpaka nyuzi thelathini, utasimama hapo, na maji yaliyopo yatatosha mpaka mabasi yafike na zaidi."

Haule alivua miwani. "Mama hawezi kukaa kwenye thelathini."

"Anaweza kwa muda. Anadhoofika, hafi."

"Na pumzi zao? Na ngozi, na nguo, na chakula cha watoto? Kila mmoja wao anaingia na ukungu wa kila aina. Tunavaa mavazi kamili kuingia mle, Loisi, wewe ndiye uliyeandika utaratibu huo. Mama akioza, majengo sitini na moja yatakosa mbegu. Wewe unanihesabia watu elfu moja na mia tatu. Mimi nina laki mbili."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na Loisi aliipa uzito wake. Aliipitia upya mpaka akawa na hakika kwamba anajibu hoja yenyewe, si sauti iliyoibeba.

"Uwezekano wa Mama kuoza ni kiasi gani?"

"Mkubwa."

"Mkubwa ni neno. Nimeomba kipimo."

"Hakuna aliyepima. Hakuna mwendawazimu aliyewahi kuingiza umati wa watu mle."

"Basi hujui."

"Na wewe hujui."

"Sijui. Najua mambo mengine mawili. Kuta za hao laki mbili zikikosa mbegu zitadhoofika kwa miaka mitatu, minne. Katika miaka minne mtu huhama, hupaka chokaa, hujenga upya kwa tofali. Hapa nina kesho. Na la pili, joto la kesho limeshatabiriwa, na vyumba kama cha Mzee Lechipya viko mia mbili."

Haule alirudisha miwani usoni, polepole, kama mtu anayefunga kitabu. "Sikupi idhini."

"Nimeelewa."

"Loisi. Umeelewa nini?"

"Kwamba hukunipa."

*

Alhamisi asubuhi mlango wa Ukumbi wa Mama uliuliza sababu.

Ulikuwa mlango mzito wa mbao zilizobanwa, wenye mpira pembeni na kioo kidogo kilichong'aa usawa wa macho. Kila aliyetaka kuingia alipaswa kuchagua sababu moja kati ya tatu: ukaguzi, matengenezo, au dharura ya Mama. Loisi alizisoma zote, ingawa ndiye aliyezitunga. Dharura ya watu haikuwemo.

"Chagua ukaguzi," Mihambo alisema. "Utafunguka."

"Utafunguka apite mmoja, kisha utajifunga. Na itaandikwa kwamba nilikuja kukagua." Akageuka. "Umeleta spana?"

Mihambo aliinua mfuko. Ndani mlikuwa na spana, mtaimbo na nyundo ya kilo tano.

"Weka chini, kisha nenda chumba cha mitambo," Loisi alisema. "Ukiulizwa, hukuwepo."

"Bosi, babu zangu walibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani, mali ya watu wengine, na hawakupata hata kijino kimoja. Leo kuna mzigo wa maana, unaniambia niweke chini?" Akapiga magoti kwenye bawaba ya chini. "Shika taa."

Nyuma yao ua ulikuwa umeanza kujaa. Perusi alikuwa amepita chumba kwa chumba tangu alfajiri, na sauti yake iliyokwaruza iliwatoa watu nje zaidi ya king'ora chochote. Walikuja na mikeka, ndoo, vikapu, wagonjwa wawili juu ya magodoro. Jua lilikuwa bado chini, na tayari watoto walikuwa wakihamahama kukifuata kivuli cha kuta kilichokuwa kikisinyaa.

"Injinia," Perusi aliita, "nasikia huko ndani mtu anavaa kama mrina asali. Sisi tuvae nini?"

"Mlivyo."

"Na huyo Mama wenu akikohoa?"

"Atakohoa."

Perusi aliyapima maneno hayo. Hakuwa mtu wa kuchukua kitu bila kukigeuza upande wa pili. "Akifa je? Maana watasema watu wa magharibi ndio walioua majumba ya nchi."

"Watasema nimeua mimi. Mlango naung'oa mimi."

"Tunaung'oa," Mihambo alisema kutoka chini. "Uwe unatoa hesabu kamili."

Bawaba ya juu iligoma. Kijana mmoja fundi bomba akachukua mtaimbo, wanaume wengine watatu wakauweka mlango mabegani, na kwa mlio wa mbao inayoachia ukatoka mahali pake. Kengele ya hatari ikaanza kulia. Mihambo akainuka, akafuata waya wake kwa macho mpaka kwenye kisanduku, akaukata.

Baridi iliwafikia kabla hawajavuka kizingiti. Ilikuja na harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza, na watu waliokuwa wakisukumana wakaacha kusukumana. Waliingia taratibu, wakinong'ona, kama wanaoingia msibani au kanisani. Rafu zilipanda mpaka darini, safu kwa safu, na juu ya kila rafu Mama alikuwa amelala mweupe, mnene, laini kama pamba iliyochambuliwa.

Perusi alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, akazungusha macho.

"Kumbe," alisema, "ng'ombe alilazwa pazuri namna hii."

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikaenea. Baada ya hapo ukumbi ukawa mahali pa watu. Mikeka ilitandikwa kati ya rafu. Wagonjwa wakawekwa karibu na mishipa ya maji. Mtoto akalia, akanyonyeshwa. Yule mteja aliyekaa siku mbili akiwa amesukwa nusu ya kichwa akajisogeza mpaka magotini mwa Perusi, na Perusi, bila kuulizwa, akatoa kitana.

Loisi alibaki wima karibu na kipimo cha joto. Ishirini na tatu. Ishirini na sita. Mchana, pande zote nne zilipokuwa nyekundu na ua mzima ukiwa hauna mtu wala kuku, ishirini na tisa. Jioni ikafika thelathini, ikasimama. Alikuwa na haki ya kufurahi kwamba hesabu yake imetimia. Alitazama rafu iliyokuwa karibu na mlango, akaona kwenye weupe wake doa la kijani lenye ukubwa wa kucha.

Hakumwita mtu. Alitoa chombo chake, akapima upana wa doa, akaandika. Asubuhi yake alipima tena. Lilikuwa na ukubwa wa kiganja, na lilikuwa limepata wenzake.

*

Mabasi yaliyoahidiwa Ijumaa yalifika Jumamosi. Mvua ilikuja baadaye, ndefu na nzito, visima vikapanda, na kuta za Tembe Kuu zikafungua vinyweleo upande mmoja baada ya mwingine. Wapangaji walirudi kutoka milimani na kukuta jasho linametameta kwenye kuta kana kwamba hakuna lililotokea.

Lililotokea liliweza kupimwa. Theluthi moja ya Mama ilikuwa imeoza. Loisi na Mihambo waliikata kwa visu na kuichoma moto uani, na theluthi mbili zilizobaki wakaziweka chini ya uangalizi, zikiwa hai lakini dhaifu. Majengo matatu yaliyokuwa kwenye foleni ya mbegu hayangepata mwaka huo. Moja lilikuwa wodi ya wazazi. Katika Ukumbi wa Mama hakufa mtu.

Katika Tembe la Pili, jengo hai jingine lililokuwa ng'ambo ya mji, msimamizi alitii, mlango ukabaki umefungwa, na watu wakasubiri mabasi. Walizika watu tisa.

Dakta Haule alikuja mwenyewe, safari hii kwa gari, na alipoteremka viatu vyake vilizama kwenye tope la ua. Alimkuta Loisi barazani upande wa magharibi, mbele ya chumba cha Perusi, akimwonyesha Mihambo mchoro. Perusi alikuwa kazini kama kawaida, wateja wawili wamekaa kwenye benchi kusubiri zamu. Haule alisalimia, akaitikiwa, akabaki amesimama.

"Tuzungumze pembeni, Loisi."

"Tuzungumze hapa. Wao ndio wanaozungumziwa."

Haule alitoa karatasi kwenye mkoba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuandaa wema huu kwa muda mrefu. "Kamati inakutana wiki ijayo. Nimekaa na wanasheria. Mlango ulikuwa wa zamani, bawaba zimechoka, joto likapanua mbao, ukaachia. Watu walipoona uko wazi wakaingia, na wewe ukasimamia usalama wao. Hitilafu ya mlango. Unaweka sahihi, leseni yako inabaki, jina lako linabaki. Nami nina ushahidi wa kutosha kuitetea."

"Na Kanuni?"

"Kanuni gani?"

"Ya Kiu. Ikiwa mlango ndio wenye kosa, Kanuni haina kosa. Itabaki kwenye majengo yote sitini na moja."

Haule aliinyoosha karatasi mkononi. "Kanuni ni jambo la kujadili taratibu."

"Tembe la Pili walijadili taratibu."

Perusi aliacha kusuka. Wateja wakaacha kupiga soga.

"Hakuna hitilafu iliyotokea hapa, Dakta," Loisi alisema. Alizungumza kama alivyokuwa akisoma vipimo, bila kupanda wala kushuka. "Jengo lilifanya kila kitu nilichokiandika. Ukuta ulifunga kwa wakati. Maji yalikwenda kwa Mama kwa wakati. Mzee Lechipya alifariki kwa mujibu wa mchoro. Kilichokwenda kinyume ni mimi, na nilikwenda kinyume nikiwa na akili timamu na spana mkononi. Andika hivyo, nitaweka sahihi hata sasa."

"Watakushtaki kwa wodi ya wazazi. Unajua?"

"Najua. Wodi hiyo nimeichorea kuta za tofali, na mapangaboi darini. Ni ujenzi wa kizamani, utakuwa na joto, na nitawaambia hivyo akina mama wenyewe. Lakini ukuta wa tofali hauchagui nani anywe kwanza." Alimpokonya Mihambo mchoro, akaukunjua mbele ya Haule. Ulikuwa wa Tembe Kuu lile lile, pande nne na ua. Katikati hapakuwa na duara. Rafu za Mama zilikuwa zimegawanywa vipande vidogo vidogo, kila ngazi na kipande chake, nyuma ya vyumba vya watu. "Akipata kiu, watakuwa na kiu pamoja. Huu ndio nitakaoupeleka kwenye kamati, badala ya karatasi yako."

"Watakunyang'anya leseni kabla hujaufungua."

"Wataupokea kutoka kwa mtu asiye na leseni. Hesabu ni zile zile."

"Naye hatakwenda peke yake," Mihambo alisema. "Waya niliukata mimi. Usinidhulumu sifa yangu."

Haule alitazama karatasi yake kama mtu aliyebeba mwavuli kisha jua likatoka. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, na umri ulikuwa umeanza kumkalia magotini. Akajaribu njia ya mwisho, ile ya kitaalamu. "Wanasheria watahitaji kuukagua mlango wenyewe. Bawaba, mbao, mpira. Kama bawaba zimechoka, zimechoka, hata wewe ukikataa. Mlango uko wapi?"

Mihambo alikodolea macho dari. Mmoja wa wateja alikohoa.

Perusi akawagusa wateja wake mabega. "Hebu sogeeni, mnampa mgeni shida." Waliposogea, aliupangusa ubao kwa kanga yake: ubao mpana, mzito, wa mbao zilizobanwa, umelazwa juu ya matofali manne. Mpira wa pembeni ulikuwa umeng'olewa. Pale palipokuwa na kioo kidogo kilichouliza sababu, kilikaa kikopo cha mafuta ya nywele, kimeenea sawasawa.

"Kaa, Dakta," alisema. "Umesimama mno. Ndio huo mlango unaoutafuta, nasi tumeshaukalia."